Mwano Ambao Haukupigwa

Ukichelewa darasani kwa Mwalimu wa Ushahidi, ilikuwa heri urudi nyumbani ukalale. Utaingia, utasema, "Samahani Mwalimu, mvua imenyesha." Atavua miwani. "Imenyesha wapi?" Hapa hapa Bariadi, Mwalimu. "Uliiona ikinyesha, au uliisikia juu ya bati?" Niliiona. "Ulikuwa umesimama wapi?" Na wewe hapo sketi inachuruzika maji, viatu umevishika mkononi, tope limekufika magotini, darasa zima linakucheka. Maji yote hayo anayaona kwa macho yake mawili. Lakini kuona kwake hakukuwa na maana mpaka wewe mwenyewe useme, tena useme kwa mpangilio.

Mimi nilimchukia. Nalisema wazi kwa sababu watu wanaonisikia nikimsifu leo hudhani tulipendana tangu siku ya kwanza. Wapi! Muhula mzima wa kwanza nilikuwa nikimwona anaingia na koti lake la mitumba, naanza kuhesabu dakika za kipindi kwisha.

Chuo chenyewe kilikuwa ghala la pamba. Ushirika ulipodhoofika, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia na malori yao, maghala mengine yakabaki matupu. Bwana mmoja akakodi moja, akapaka chokaa, akatundika kibao kuwa ni chuo cha haki jinai na sheria. Ndiyo zilikuwa enzi zenyewe za ruksa. Kila mtu alikuwa anafungua kitu: huyu mashine ya kusaga, yule banda la video, mwingine duka la mitumba, na sisi tukafunguliwa chuo. Nyuzi za pamba zilikuwa bado zimeng'ang'ania kwenye kenchi za paa, upepo ukivuma zinashuka taratibu juu ya vichwa vyetu. Tulijifunza Kanuni ya Adhabu huku tunapiga chafya. Lori likipita nje na muungurumo wake, Mwalimu hunyamaza katikati ya neno, anasubiri lipotee kabisa, kisha anamalizia lile lile neno alilolikata.

Kabla ya kufundisha alikuwa mwendesha mashtaka wa polisi katika mahakama ile ile ya wilaya tuliyokuwa tukipita mbele yake kila asubuhi. Wakati wa kupunguza watu serikalini naye akaambiwa astaafu, angali na nguvu zake. Sare aliivua, lakini mji haukukubali kuwa ameivua. Akipita sokoni, wauza gongo walificha vibuyu. Mama mmoja muuza vitumbua, mwenye leseni halali, alikuwa akimwona tu anaanza kumwonyesha leseni. "Mama, mimi nataka vitumbua," Mwalimu analalamika. "Ndiyo mzee, lakini kwanza tazama tu."

Sasa niseme jambo lenyewe lililonifunga kwa mtu huyu, maana bila hilo ningekuwa nimemsahau kama nilivyowasahau walimu wengine. Nikiwa chuoni, kaka yangu alikamatwa kwa wizi wa ng'ombe.

Baba yetu alifariki mapema, kaka ndiye aliyenilea. Ndiye aliyeuza pamba yake kwa wanunuzi wapya akanileta chuoni, na watu wa kijijini wakamcheka: msichana umwozeshe upate ng'ombe, wewe unampeleka kusomea upolisi! Yeye hakuwajibu. Kaka ni mtu wa maneno machache. Ukimuuliza njia anakuonyesha kwa kidevu.

Kijiji cha jirani alikuwako mzee tajiri wa ng'ombe, ana watoto wa kiume watu wazima, na ana mke mdogo ambaye hakumzalia. Mzee akafa ghafla, kiangazi. Baada ya maziko, wanawe walikwenda kunywesha mifugo kwenye lambo, wakakuta katika kundi la kaka yangu ng'ombe wenye mkato wa sikio wa baba yao. Mkato wa sikio kwetu ndiyo jina la mwenye mali, hauna ubishi. Wakamuuliza, "Hawa ng'ombe ni wa nani?" Kaka akajibu, "Ni wangu."

Basi. Vijana wakapiga mwano, lile yowe letu ambalo ukilisikia unaacha hata chakula mdomoni, unachukua rungu unakimbia. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakaja na pinde zao. Namshukuru Mungu kwamba mtemi wao, yaani mkuu wao, alikuwa mtu wa busara, aliwazuia vijana wasimguse, akamkabidhi polisi. Wiki ile ile nilimwona kaka yangu akishuka kwenye gari la mahabusu mbele ya mahakama, hana mkanda, kashikilia suruali kwa mkono. Nilikuwa napita na madaftari yangu. Niliyadondosha.

Kila Msukuma anayenisoma hapa ameshasema moyoni: huo si wizi, huo ni ubilisi. Na ndivyo nilivyosema mimi pia. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Anawagawa, anampa huyu na yule awatunze, anayetunza anapata maziwa na samadi. Na hufanywa kimya kimya, mzee asijulikane ana kiasi gani, maana wenye kodi wapo, wakwe wapo, na watoto wa kiume wenye tamaa wapo. Anayetunza, akiulizwa na yeyote, hujibu "ni wangu." Ndiyo adabu yake. Nilikwenda mahabusu mbio nikamwambia, "Kaka, waambie ni ubilisi! Mwenyewe ameshakufa, unamficha nani?"

Akatazama chini. "Nimeshasema ni wangu. Usiniulize tena."

Hapo sasa nilikosa pa kushika. Ubilisi una mwisho wake: mwenye mali akifa, matanga yakiisha na ukoo umekaa kugawana urithi, wewe mtunzaji unasimama unasema, wako kwangu kadhaa. Anayeficha hata baada ya kifo, watu watamwitaje? Waliniambia usoni pale kijijini: ingekuwa ubilisi angesema.

Nilimfuata Mwalimu, nikapiga magoti kabisa, kama mtoto wa Kisukuma. Akanitazama juu ya miwani. "Kesi iliyoko mahakamani siigusi. Anayeendesha mashtaka nimemfundisha kazi mimi mwenyewe. Inuka, utachafua gauni." Akaondoka zake. Loo, nilimtukana! Kimoyomoyo, lakini nilimtukana matusi yote ninayoyajua, ya Kiswahili na ya Kisukuma.

Mtu huyo alikuwa na mambo yasiyopatana hata kidogo. Darasani hakuna kitu alichokichukia kama ushahidi wa kusikia. "Nimeambiwa" ilikuwa inamtoa povu. Jioni sasa, nenda sokoni. Mkewe alikuwa akiuza dagaa na samaki waliotoka Lamadi, maana wote wawili ni watu wa ziwani, na Mwalimu alikaa nyuma yake kwenye kigoda, kajiinamia kama anasinzia, masikio yote mawili yako kazini. Hakuna umbea wa Bariadi uliompita. Nani kaachika, nani kauza shamba, mnunuzi gani wa pamba anachezea mizani. Nikamuuliza siku moja, "Mwalimu, si ulisema ya kusikia hayafai?"

"Mahakamani hayafai," akasema. "Hapa ni sokoni."

Dagaa wenyewe aliwatembeza mfukoni mwa koti, wamefungwa kwenye gazeti, anawatafuna wakati wa mtihani huku anatuzungukia. Ukisikia harufu ya dagaa shingoni kwako, ujue anasoma jibu lako. Alikuwa anaguna. Guno fupi, umekosea. Guno refu, umekosea vibaya.

Na huyu mtu aliyewakabili majambazi bila kupepesa macho, alikuwa anaogopa ng'ombe. Naapa. Mtu wa ziwani, ng'ombe kwake ni mnyama mwenye pembe tu. Kundi likikatiza barabara, Mwalimu alisimama nyuma ya mwanafunzi aliye karibu. Tulikuwa na mwenzetu mmoja kutoka Lingeka, mtoto wa wafugaji hasa, alikuwa anampigia mluzi ng'ombe asogee karibu kidogo, kwa makusudi, kisha anamtuliza Mwalimu, "Usihofu baba, huyu mpole." Mwalimu alijua anachezewa. Alimlipa kwenye maksi.

Siku moja alitupeleka mnadani. Akasema, kaeni hapa mpaka mchana, kila mtu aandike alichokiona, basi. Tulivyo na bahati, yowe la mwizi likapigwa, mtu akapita mbio, watu nyuma yake na mawe, akawahi kuingia kwenye uzio wa ofisi ya kata akafungiwa ndani. Tukaandika kwa raha zote. Karatasi yangu ilianza, "Nilimwona mwizi akikimbia." Mwalimu aliisoma kwa sauti mbele ya wote.

"Ulijuaje kuwa ni mwizi?"

"Watu walisema, Mwalimu."

"Wewe ulimwona anaiba?"

"Hapana."

"Ulimwona anafanya nini?"

"Anakimbia."

"Basi andika: nilimwona mtu anakimbia." Akairudisha karatasi mezani kwangu. Akaongeza, sauti imeshuka, "Nusu ya watu niliowapeleka jela walikuwa wezi. Nusu nyingine walikuwa wanakimbia." Darasa likacheka, yeye hakucheka, na sisi tukaacha.

Kuhusu uchawi alikuwa mkali. Enzi zile, nani asiyejua, bibi mwenye macho mekundu hakuwa na usalama. Macho yamewiva kwa moshi wa kupikia kwa samadi miaka nenda rudi, lakini mtoto akiugua, au mume akifa, vidole vinamwelekea yeye. Na vidole vikishamwelekea, anakuja mtu na panga. Mwalimu alishika kesi kama hizo akiwa kazini na karibu zote zilimshinda, kwa sababu hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, kijiji kizima kimekuwa bubu. Akizungumzia hilo alikuwa akiweka chaki chini. "Mwano ukipigwa kwa ng'ombe, wanakuja watu mia," alisema. "Bibi anapiga yowe, hakuna hata mmoja." Lakini basi, mtu huyo huyo hakukubali kabisa kunywa chai aliyomiminiwa akiwa amegeuka. Alijimiminia mwenyewe. Tulimtania ana woga wa kulogwa. Akasema ni woga wa kuhara.

Kesi ya kaka ilikuwa inaahirishwa. Mara hakimu yuko safari, mara shahidi hakufika, mara gari la mahabusu limeharibika. Kila nikirudi kutoka mahakamani nimekunja uso, Mwalimu alinitupia jicho, akaendelea na somo. Halafu asubuhi moja akatangaza tutakuwa na mahakama ya kuigiza. Akagawa kazi: huyu hakimu, huyu karani, yule wa Lingeka awe mshtakiwa. Akaandika ubaoni maelezo ya kesi. Mtu amekutwa na ng'ombe wenye mkato wa sikio wa marehemu, ameulizwa, amejibu ni wangu. Kesi ya kaka yangu! Kisha akanitazama. "Wewe utakuwa mwendesha mashtaka."

"Mimi, Mwalimu?"

"Kuna mwingine nyuma yako?"

Nilisimama nikiwa na hasira hadi meno yanauma. Nikasema moyoni, unataka nimfunge kaka yangu, haya, nitamfunga. Na nilimfunga, jamani. Nilisimamisha mashahidi wangu mmoja mmoja. Vijana wa marehemu wautambue mkato. Mtemi wa sungusungu aeleze alivyowakuta. Jirani aeleze kwamba ng'ombe wale amewaona zizini kwa mshtakiwa tangu msimu wa kupalilia pamba. Yule wa Lingeka alijaribu kujitetea kwa ubilisi nikamkaanga: mbona ulisema ni wako? Ulidanganya siku ile au unadanganya leo? Chagua! Hakimu wetu wa kuigiza akamtia hatiani, darasa likapiga makofi, nami nikarusha chaki ukutani nikaanza kulia.

Mwalimu hakunibembeleza. Alingoja, kama anavyongoja lori lipite. Kisha akasema, "Umeshinda. Sasa niambie mahali ulipoogopa."

"Sikuogopa."

"Kila mwendesha mashtaka ana swali moja analoomba Mungu lisiulizwe. Nimefanya kazi hiyo nikazeeka, sijapata kwenda kortini bila swali hilo. Lako lilikuwa lipi?"

Nilifuta kamasi. Nikafikiri. Kweli, lilikuwapo. Jirani alipokuwa akisema amewaona ng'ombe wale tangu msimu wa kupalilia, mimi nilimharakisha akae chini. Kwa nini? Kwa sababu wakati wa kupalilia mzee alikuwa hai. Alikuwa hai, mzima, anahesabu ng'ombe wake kila siku kama mfugaji yeyote.

"Mwano," nikasema. "Niliogopa wataniuliza kuhusu mwano. Ng'ombe wakiibwa mwenyewe hupiga mwano. Mzee hakupiga."

Mwalimu akachukua vitabu vyake. "Mimi kesi iliyoko mahakamani siigusi," akasema, akatoka nje kwenda kutafuna dagaa wake.

Nilikimbia mahabusu. Kaka hakuwa na wakili, hela ya wakili tungeitoa wapi, kwa hiyo angewahoji mashahidi mwenyewe. Nikamkalisha kwenye benchi la wageni, nikamwambia, sitakuuliza tena ng'ombe ni wa nani, na wewe usimwambie mtu chochote. Wewe uliza tu. Tukayarudia maswali mpaka askari akanifukuza.

Siku ya kesi nilifika kabla ya karani. Mashahidi walikuja kama nilivyowapanga darasani, karibu neno kwa neno, hadi nikaona aibu. Jirani akaeleza aliyoyaona tangu msimu wa kupalilia. Kaka akasimama, mkono mmoja kwenye suruali, akamgeukia mtemi wa sungusungu.

"Mtemi, mzee alipokuwa hai, alipiga mwano wa kuibiwa ng'ombe?"

"Hakupiga."

"Angepiga, ungejua?"

"Mimi ndiye ningeongoza msako."

Akamgeukia mtoto mkubwa wa marehemu. "Baba yako alikuwa mtu wa kunyamaza akipotelewa na mnyama?"

Kijana yule, Mungu ambariki, alikuwa mkweli kuliko hasira zake. "Baba? Aliwahi kupiga mwano kwa mbuzi, tumekuja kijiji kizima, kumbe mbuzi amelala nyuma ya ghala la mtama."

Watu wakacheka mahakamani, hata karani. Hakimu aligonga meza lakini naye alikuwa anauma mdomo. Alipokuja kusoma uamuzi wake alisema upande wa mashtaka haujaonyesha hata kama ng'ombe wale waliibwa, sembuse na nani. Mshtakiwa hana kesi ya kujibu, yuko huru. Akamuuliza kaka kama ana pingamizi ng'ombe wapewe familia ya marehemu. "Sina," kaka akasema. Hilo tu.

Siwezi kuieleza furaha ile. Nilihisi mwili umekuwa mwepesi, nikacheka peke yangu njiani, watu wananishangaa. Nilikwenda moja kwa moja sokoni kwenye kigoda cha Mwalimu. Akaniuliza maneno ya hakimu, yote, tangu mwanzo, na nilipokosea mpangilio akanirudisha nyuma. Nilipomaliza akamgeukia mkewe. "Mama, mpe sato mkubwa. Wanaotoka mahabusu wana njaa." Mama akachagua, Mwalimu akamkataza, akachagua mkubwa zaidi. Kwa miaka mingi hakuizungumzia tena kesi ile, wala mimi.

Lakini sitasema uongo, halikuisha lote. Kaka alirudi nyumbani, watu wakamsalimu vizuri, mwangaluka, mwangaluka, ila walikuwa wakinyamaza akifika. Kwa kuwa hakuwa na kesi ya kujibu, hakupata kujibu. Hakuna aliyesikia kutoka kinywani mwake ng'ombe wale walitoka wapi. Mimi nilimaliza chuo, nikaingia polisi, nikawa mwendesha mashtaka, nimesimamisha mashahidi wasio na idadi, na shahidi mmoja wa nyumbani kwetu sikuthubutu kumuuliza. Wakati mwingine tukila pamoja nilimtazama anavyotafuna, nikajiuliza. Mungu anisamehe, ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Miaka ikaenda. Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa, Simiyu, lami ikaja na bodaboda zikaja. Hivi karibuni kaka, ambaye sasa ni mzee mwenye mvi, akanipigia simu kwamba anatoka mazikoni huko Mkula na atapita kwangu. Nikamuuliza, Mkula tuna nani? Akasema, nitakuambia nikifika. Alipofika hakukaa hata kunywa maji. "Yule mwalimu wako bado yuko hai? Nipeleke."

Mwalimu sasa anaishi Somanda, si mbali na hospitali, kwa sababu anasema kuzeeka mbali na hospitali ni uzembe. Mguu mmoja unamsumbua. Tulimkuta barazani, redio pajani. Alinitambua kwa sauti. "Umechelewa," akasema.

"Mvua haijanyesha, baba, sina la kujitetea," nikamwambia, akafurahi.

Nikamtambulisha kaka. Walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso, hata siku moja. Mwalimu alimshika mkono, kisha akasema neno ambalo sikulitegemea. "Nikuambie ukweli, ndugu yangu. Mimi siku zote nilijua umeiba."

Mimi nikaruka. "Mwalimu!"

"Nilijua ameiba. Ila hawakuwa wamethibitisha. Mtu hafungwi kwa sababu mimi najua."

Nilidhani kaka atasusa ainuke. Hapana. Alicheka, kicheko kirefu ambacho sikumbuki kukisikia tangu tukiwa wadogo. "Wewe wa kwanza kuniambia usoni," akasema. "Wabeja sana, nakushukuru, baba. Ndiyo maana nimekuja kwako. Niulize sasa."

Mwalimu akazima redio. Akavua miwani. "Ng'ombe walikuwa wa nani?"

"Walikuwa wa mzee. Alinipa niwatunze. Aliniambia, hawa ni wa mke wangu mdogo, nikifa wanangu watamfukuza mikono mitupu. Akafa kabla hajaniambia nifanye nini."

"Kwa nini hukusema?"

"Wale vijana waliponiuliza lamboni, walikuwa wameshaanza kunong'ona kuwa mama yao mdogo ndiye aliyemla baba yao kwa uchawi. Macho yake yalikuwa mekundu kabisa, baba, yule mama alipika kwa samadi maisha yake yote. Ningesema ni ubilisi, wangeuliza baba alimfichia nani. Wakishajua amewanyima wao ng'ombe kwa ajili yake, wasingesema alimpenda. Wangesema alimloga." Akakohoa. "Nikasema ni wangu. Yule mama akapata nafasi ya kurudi kwa ndugu zake Mkula. Tumemzika juzi. Amekufa kwa uzee, kitandani kwake, wajukuu wa kaka zake wamemzunguka."

Nilikuwa nimeziba mdomo kwa kanga. Miaka yote ile ya kumtazama anatafuna! Nililia, lakini kilio cha kushusha mzigo, kile ambacho baada yake unapumua hadi tumboni.

Mwalimu alikuwa bado anahoji, hakuweza kujizuia. "Na kama lile swali la mwano lisingepatikana? Ungefungwa."

"Ningefungwa."

"Miaka yote hiyo? Na dada yako huyu chuoni?"

"Baba," kaka akasema, "wa jela hurudi nyumbani. Aliyekatwa panga harudi."

Maswali ya Mwalimu yaliishia hapo. Alifuta miwani kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Kisha akageukia mlangoni akamwita mkewe, akamwambia aongeze unga kwenye ugali, mgeni wake alikuwa ametoka mazikoni na hajala tangu asubuhi.